Kula vizuri ukiwa na ugonjwa wa kongosho: niliyojifunza hapa Mpanda

Leo siasa na mpira naweka pembeni. Kuna mdau kaniandikia kwamba mdogo wake, kijana wa miaka 19 wa hapa hapa mkoani Katavi, ameambiwa hospitali kuwa kongosho lake lina ugonjwa. Tangu hapo nyumbani wanampa uji mweupe asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu walisikia "asile mafuta". Kijana amekwisha, suruali inashikwa na kamba. Anauliza wafanyeje.

Nimeona nisimjibu kwa mistari miwili, maana ugonjwa huo ninao mimi mwenyewe, huu ni mwaka wa nne. Mimi sio daktari jamani, nimeishia kidato cha nne na biolojia yenyewe nilipata D. Haya ni niliyoelezwa na madaktari, niliyoyasoma na niliyoyaona kwenye sahani yangu. Kama umelipia dakika 30 tu hapo kafe, shuka moja kwa moja kwenye sehemu ya chakula, hapa juu utarudi siku nyingine.

ILIVYOANZA

Maumivu yalinianza usiku, juu ya kitovu, kama mtu anasukuma mti kutokea tumboni hadi mgongoni. Nikawa siwezi kulala chali, nafuu naipata nikikaa na kuinama mbele. Zahanati ya kwanza niliambiwa vidonda vya tumbo, nikapewa vidonge. Yakatulia, yakarudi. Nikapewa tena vidonge vile vile. Mwaka mzima hivyo. Mtaani walishahukumu kwamba huyu anakunywa gongo kwa siri. Mimi pombe nilionja mara mbili maishani, basi.

Mwisho mama aliuza mbuzi wawili, nikapanda basi kwenda Mwanza. Kule nikapimwa damu (kuna kimeng'enya kinaitwa lipasi, kikipanda mara tatu au zaidi ya kawaida ukiwa na maumivu ya namna hiyo wanajua ni kongosho), nikapigwa altrasaundi na baadaye CT-Scan. Jibu: kongosho limevimba kwa muda mrefu na lina vijiwe ndani yake. Chanzo hakikupatikana mpaka leo.

Nilipanda basi la kurudi nikiwa na kilo 44.

KONGOSHO NI NINI

Ni kiungo cha urefu wa kama sentimita 15, kimelala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, ndio maana maumivu yanatoboa hadi nyuma. Lina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga na kuvimimina kwenye utumbo. Ya pili ni kutengeneza insulini, ile inayoshusha sukari ya damu.

Likivimba ghafla, vile vimeng'enya vinaanza kufanya kazi vikiwa bado ndani ya kongosho, yaani linajisaga lenyewe. Hiyo ni hatari na inaua, mahali pake ni hospitali. Likivimba tena na tena kwa miaka linakuwa sugu, linakakamaa, na kazi zote mbili zinalegea. Chakula kinapita bila kusagwa vizuri, na wengine baadaye wanapata kisukari. Duniani vyanzo vikubwa ni vijiwe vya nyongo na pombe. Vipo vingine kama mafuta kuzidi sana kwenye damu, baadhi ya dawa, matumbwitumbwi, kuumia tumbo, hata minyoo mikubwa ikiingia kwenye mrija. Mwenye vijiwe vya nyongo aulizie habari ya upasuaji, kwa sababu huyo anaweza kupona kwa kutolewa kile kifuko, na akikaa tu anabadilisha vyakula anapoteza muda.

JE, NI MUHOGO?

Hili nimeulizwa kuliko yote. Bibi yangu mpaka leo anaamini makopa ndiyo yaliyoniponza. Na usimcheke bibi, kuna wakati hata madaktari wakubwa walifikiri hivyo hivyo.

Mwaka 1960 daktari mmoja aliyekuwa Kampala, A. G. Shaper, aliandika kwenye jarida la Lancet juu ya ugonjwa sugu wa kongosho na upungufu wa protini. Ugonjwa wa namna hiyo ulionekana pia Kerala huko India, kwa vijana maskini wasiokunywa pombe, kongosho limejaa vijiwe na sukari iko juu. Kerala wanakula sana muhogo. Kwa hiyo 1979 watafiti wawili, McMillan na Geevarghese, walitoa wazo kwamba sumu ya sianidi iliyomo kwenye muhogo ndiyo inayoharibu kongosho la mtu asiyepata protini ya kutosha. Wazo likaenea.

Aliyekuja kulipima kwa watu ni nani? Ni Tanzania yetu! Mkoani Mara, Tarime, mwaka 1985 wakati wa njaa na ukame watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, baadhi wakapooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo. Kama ile sumu ingekuwa inaharibu kongosho mpaka kuleta kisukari, basi ingeonekana kwa watu kama hao. Kina Swai na McLarty wa Muhimbili pamoja na wenzao walipima sukari kwa wanakijiji waliokuwa wanapata sumu hiyo kwa miaka, wakalinganisha na kijiji kisichotegemea muhogo. Kisukari hakikuwa kingi zaidi kwa wala muhogo. Matokeo yakatoka 1992 kwenye jarida la Diabetes Care. Baadaye, kuanzia 2000, watafiti wakaanza kuona kwamba baadhi ya wagonjwa wa aina hii wamezaliwa na kasoro kwenye jeni iitwayo SPINK1, inayolinda kongosho lisijisage.

Kwa hiyo nilimwambia bibi muhogo ameusingizia. Lakini kwenye protini hakukosea sana. Unga wa mahindi una protini kama gramu 8 kwa kila gramu 100, unga wa muhogo haufiki hata 3. Ukila ugali wa muhogo kwa mlenda mtupu kila siku, na kongosho ni bovu, utakwisha kwa kukosa cha kujengea mwili. Ule muhogo, ila uloweke na kuukausha vizuri kama ni mchungu, na mboga yake iwe ya maana.

SASA CHAKULA

Nianze na kosa langu ili mdogo wako asilirudie. Niliporudi kutoka Mwanza nilikuwa nimeshika neno moja tu, "mafuta". Nikaacha mafuta, nikaacha nyama, mayai, maziwa, karanga, nikabaki na uji na wali mweupe. Maumivu yalipungua kweli. Lakini ndani ya miezi mitatu nilikuwa siwezi kunyanyua ndoo ya maji kisimani, na wadogo zangu walikuwa wananipokea.

Mwongozo wa wataalamu wa lishe wa Ulaya wa 2020 (ESPEN) unasema mgonjwa wa kongosho sugu hahitaji kunyimwa mafuta, isipokuwa pale choo cha mafuta kinaposhindikana hata baada ya dawa ya vimeng'enya. Wanachosisitiza kwa aliyekonda ni chakula chenye protini nyingi na nguvu nyingi, kigawanywe mara 5 au 6 kwa siku. Hapo kwenye dawa ndipo penye mtihani kwetu, nitarudi.

Mimi nagawa hivi. Saa 1 asubuhi uji wa mahindi au ulezi na yai moja la kuchemsha. Saa 4 ndizi mbivu au papai na kikombe cha mgando. Saa 7 ugali au wali na mboga. Saa 10 kiazi kitamu au kipande cha muhogo na maharage yaliyobaki. Saa 1 usiku chakula tena. Kabla ya kulala uji nusu kikombe. Kila mara kidogo, yaani sahani ya mtoto wa darasa la tatu. Washikaji wananicheka kwamba nakula kama kuku, nadonoa donoa kutwa, nami nawaambia ndio dawa yenyewe.

Protini. Hesabu inayotumika ni gramu 1 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili wako. Mtu wa kilo 50 anahitaji kama 50 hadi 75 kwa siku. Yai moja lina 6. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina kama 8 au 9, samaki mbichi kiasi hicho hicho kama 20. Dagaa waliokauka ndio wafalme, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na unawala na mifupa kwa hiyo unapata na madini ya kalsiamu. Katavi hapa Mungu katupendelea, ziwa Tanganyika lipo, na migebuka na dagaa wanatoka Karema na Ikola mpaka sokoni Mpanda. Dagaa naosha kwa maji ya moto, nachemsha na nyanya na kitunguu na ndimu, mafuta nadondoshea mwishoni. Mgebuka wa kukaanga wa pale stendi, ule unaometameta, nauangalia tu kwa macho.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, nilihangaika kweli. Nikahamia kwenye maharage, mayai na kuku wa kienyeji aliyetolewa ngozi. Maharage nayo yana mafuta kidogo sana, ila yakikujaza gesi anza na machache na yaloweke usiku kucha, yale maji umwage. Kitu kingine, usijaze tumbo kwa majani na makapi tupu kila mlo ukidhani ndio afya. Nyuzinyuzi zikizidi sana zinavuruga kazi ya vimeng'enya, na unashiba kabla hujapata chakula chenyewe. Matembele na mchicha kula, lakini yasiwe ndio nusu ya sahani.

Mafuta. Kijiko cha chakula cha mafuta yoyote, yawe alizeti, mawese au ya dukani, ni kama gramu 14. Kijiko kidogo cha chai ni gramu 4 na nusu hivi. Mimi kwa mlo mmoja mkubwa natumia kijiko kimoja cha chai, napima, simimini kutoka kwenye chupa. Mama alianza kwa kununa, kwamba mboga gani hii kama ya mahabusu, siku hizi naye presha yake imeshuka kidogo haongei tena. Karanga ndio mtego wetu huku, maana kila mboga ya majani tunaunga karanga. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Sikuziacha. Kisamvu cha watu wazima wote wanaunga kikombe kizima, changu kinapakuliwa kabla, nachanganya kijiko kimoja cha karanga za kutwanga. Parachichi robo, sio zima. Maziwa nachukua mgando uliokwishatolewa siagi, na kwa wafugaji hauna bei kubwa kwa sababu wenyewe wanataka ile samli.

Na chipsi mayai? Najua ndilo swali la watu wa rika letu. Angalia jamaa anavyomimina mafuta kwenye kikaango, vijiko vitatu tu tayari ni zaidi ya gramu 40, bado viazi vyenyewe vimeshanyonya yake. Mlo mmoja, mara moja, juu ya kongosho bovu. Nilijaribu siku ya fainali moja, nikalala sakafuni hadi asubuhi. Ukishindwa kabisa mwambie akupikie mayai mawili ya kuchemsha na viazi vya kuchemsha na kachumbari, atakushangaa lakini atapika.

CHOO NA MIZANI

Samahani kwa wanaokula huku wanasoma. Dalili kwamba chakula hakisagwi ni kinyesi cha mafuta, kina rangi ya kufifia, kinanuka vibaya sana, kinaelea na hakiondoki kwa maji. Sasa sisi wa vyoo vya shimo utakiona wapi? Mimi miaka miwili sikujua, niligundua Mwanza kwenye choo cha kuvuta maji. Kwa hiyo huku kwetu kipimo chako ni uzito. Kila Jumamosi napanda mizani ile ile ya mfanyabiashara wa mpunga pale sokoni, anapimia magunia. Anasema mimi ndiye gunia jepesi kuliko yote. Ukiona unakula na bado unashuka wiki tatu, nne, rudi kwa daktari, usingoje.

Mwulize pia habari ya vitamini A, D, E na K, hizo husafiri na mafuta, kwa hiyo mafuta yakipita bila kusagwa nazo zinapita. Mifupa inakuwa dhaifu na hujui.

DAWA YA VIMENG'ENYA

Ni vidonge vyenye vimeng'enya vya kongosho, vinafanya kazi lako linaposhindwa. Vinamezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza, kama mlo ni mrefu vingine katikati. Ukimeza saa nzima kabla au baada ya kula umetupa hela. Usivitafune wala kuvimwaga kwenye uji wa moto. Idadi anapanga daktari kwa ukubwa wa mlo. Vinatengenezwa kwa kongosho la nguruwe, nawaambia mapema ndugu zangu Waislamu ili muongee na sheikh na daktari kabla ya kununua, msije mkajua katikati.

Shida ni bei na kuvipata. Mimi navipata kwa kuagiza, vikiisha nakaa hata mwezi bila. Mwezi ambao sina, napunguza mafuta zaidi na kuongeza idadi ya milo, ndio tofauti ya mimi na yule mgonjwa wa Ulaya kwenye mwongozo. Mwezi ambao ninavyo nakula karanga zangu kwa amani na uzito unapanda.

POMBE, SIGARA NA SUKARI

Pombe ni sifuri. Hata kama chanzo chako sio pombe. Hakuna cha bia moja ya harusi, komoni, wanzuki ya asali ya Inyonga wala gongo. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini gongo iko palepale kwenye chupa za maji, na kijiweni watakuambia "hii inasafisha tumbo". Muongo huyo. Sigara nayo inaharibu kongosho kwa njia yake yenyewe hata kwa asiyekunywa, wengi hawajui hili. Niliwahi kuvuta miezi michache baada ya shule, nimeacha.

Sukari pima angalau mara moja kwa mwaka. Soda moja ina sukari zaidi ya gramu 35, na kongosho lililochoka halina insulini ya kuzipokea. Asali nayo ni sukari, hata iwe ya nyuki wadogo. Ukishapewa dawa za kisukari kuwa makini zaidi na kuruka mlo, maana kwa watu wetu sukari inashuka ghafla, unatetemeka, unatoka jasho jembamba. Mwenye kutaka kufunga Ramadhani au Kwaresima aongee na daktari wake kwanza.

SIKU YAKIRUDI

Maumivu makali yasiyoachia, kutapika mfululizo, homa, macho kuwa ya njano: hospitali, usiku huo huo. Usikae nyumbani unapewa mizizi. Zamani mgonjwa wa kongosho alikuwa ananyimwa chakula siku nyingi mpaka damu iwe safi, na wapo wanaoendelea hivyo. Miongozo ya sasa inasema akiweza kula bila kutapika aanze mapema, hata ndani ya saa 24, chakula laini chenye mafuta kidogo. Mimi mara ya mwisho nilianza na uji mwepesi, kesho yake wali laini na mchuzi wa samaki, siku ya tatu ugali mdogo.

Mdau uliyeniandikia, huo uji mweupe usiumwage, uongeze kitu. Saga dagaa walioondolewa vichwa, kijiko kimoja ndani ya uji wa chumvi na ndimu. Au piga yai, koroga humo ukiwa jikoni bado unachemka. Kesho mpe maharage yaliyopondwa. Mpime kilo leo uandike kwenye daftari. Na mrudishe hospitali waulizwe mambo matatu: vijiwe vya nyongo vipo au havipo, sukari ni ngapi, na kama anahitaji vimeng'enya.

Mimi Jumamosi iliyopita mizani ilisoma kilo 53. Mwenye kujua duka la dawa Mpanda, Sumbawanga au Tabora linaloweka vile vidonge muda wote aandike hapo chini kwenye maoni, na aweke na bei, kuna watu wawili watatu tunatafuta.